Soko la Jioni Kando ya Barabara Kuu, Nchi ya Molo

Msafiri atokaye Nakuru kwenda Eldoret au Kisumu, akiisha kupita Salgaa na kuanza kupanda mlima kuelekea Mau Summit, huona saa za jioni jambo ambalo halikuandikwa katika ramani yo yote. Jua linapokaribia kuzama, watu huanza kutokea katika vijia vya mashambani, mmoja mmoja na wawili wawili, wengine wakisukuma mikokoteni, wengine wakiswaga punda, wengine wameketi nyuma ya bodaboda hali wamekumbatia mizigo yao. Hutandika magunia matupu pembeni mwa lami, hupanga juu yake mafungu ya viazi, karoti, kabichi na njegere, na kabla giza halijaingia sawasawa soko limekwisha simama. Hapana ukuta, hapana lango, wala hapana kengele ya kulifungua. Mtu akipita pale asubuhi yake huona majani ya kabichi yaliyokanyagwa, basi.

Masoko ya jioni na ya usiku yako katika nchi nyingi. Katika Thailand masoko hayo yamepata sifa hata watu huvuka bahari kwenda kuyaona, wakatembea kwa mwangaza wa taa wakila hiki na kununua kile. Wachache sana wapitao Molo hudhani kwamba soko lile la magunia lastahili kutazamwa. Lakini karo za shule nyingi hutoka pale, na mbolea ya msimu ujao hununuliwa kwa fedha za pale. Nalo lina shauri moja ambalo halijapata kukatwa: soko limeketi mahali ambapo lori lililoshindwa kusimama laweza kulifikia.

NCHI YA BARIDI NA VIAZI

Ili kulielewa soko hili, yafaa kwanza kuitazama nchi yenyewe. Mji wa Molo uko juu karibu futi 8,000, na vilima vya Mau Summit vimezidi kiasi hicho. Usiku ni baridi kali, na mara kwa mara jalidi huanguka na kuunguza majani. Mahindi huko hukawia sana kukomaa, lakini viazi, kabichi, karoti, njegere na pareto hustawi, na kondoo wa Molo wamejulikana kwa nyama yao tangu siku za walowezi. Zamani hizo mashamba yote yalikuwa sehemu ya nchi iliyotengewa Wazungu, na Mwafrika alikaa pale kwa sharti la kufanya kazi tu. Baada ya uhuru, mwaka 1963, mashamba mengi yaligawanywa, na leo mwenye ekari mbili au tatu ndiye mkulima wa kawaida. Serikali nayo ina shamba lake kubwa la mbegu za viazi huko Molo, chini ya Shirika la Maendeleo ya Kilimo.

Viazi ndivyo vinavyotawala. Katika Kenya ni chakula cha pili baada ya mahindi. Aina ipendwayo kuliko zote huitwa shangi: hukomaa upesi, huiva upesi jikoni, nao wenye hoteli za chipsi huitaka sana. Lakini ina kasoro moja ambayo kila mkulima wa Molo aijua. Haikai. Baada ya kuchimbwa, majuma machache tu hupita kabla haijaanza kuchipua ghalani. Mwenye mahindi aweza kungoja miezi sita hata bei ipande. Mwenye shangi hana nafasi hiyo. Akiisha kuchimba hana budi kuuza, na akitaka fedha leo sharti aende mahali ambapo mnunuzi yupo leo.

Mahali hapo zamani palikuwa stesheni. Reli ilipofika Kisumu mwishoni mwa mwaka 1901 ilikuwa imepitia Njoro, Elburgon, Molo na Mau Summit, na mji wa Molo ulikua ukiielekea reli kama mmea uelekeavyo jua. Gari la moshi liliposimama, wachuuzi walikuja madirishani. Siku hizi abiria wengi na mizigo mingi imehamia barabarani, na barabara kuu haikupita katikati ya mji. Imepita maili kadha mbali nao. Mjini mna soko la mchana, lenye vibanda na ushuru wake, na watu wa mjini hununua humo. Lakini basi la kwenda Kakamega au Busia halikunji kona kuingia mjini kwa ajili ya karoti. Kwa hiyo karoti hulifuata basi.

JINSI SOKO LIENDAVYO

Vipimo vya soko hili ni vitatu. Mdogo ni fungu, yaani viazi sita au saba vilivyopangwa kama piramidi, kubwa zikiwa chini na kile kizuri kuliko vyote kileleni. Wa pili ni gorogoro, lile kopo la kilo mbili ambalo lilikuwa la mafuta ya kupikia na likawa mizani ya nchi nzima. Wa tatu ni debe au ndoo, kwa mwenye gari lake mwenyewe. Karoti huuzwa ndani ya nyavu nyekundu, hasa tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku mwezi wa Agosti 2017, nazo huoshwa mtoni kwanza, maana karoti yenye udongo haimvuti mtu aliyeketi dirishani.

Si kila mahali pa barabara ni sawa. Palipo bora ni penye matuta, ambapo dereva hana budi kupunguza mwendo hata apende asipende. Mwanamke mwenye nafasi yake karibu na tuta aijua thamani yake kama mtu wa mjini aijuavyo thamani ya duka la kona, na nafasi hiyo haichukuliwi ovyo: mwenyewe akiugua, dada yake au binti yake huja kuishika. Vijana hukimbia kandokando ya basi wakiwa wameinua mahindi ya kuchoma, mayai ya kuchemsha, plamu na njegere. Hapo hapana nafasi ya maneno mengi. “Karibu, kastoma, ni freshi,” husema muuzaji. “Punguza, mama,” husema abiria. Na kabla gia haijaingia, ama biashara imefanyika ama imepotea. Wengi wa abiria wajua hayo, nao hungoja basi lianze kuondoka ndipo wataje bei yao. Ujanja huo ni wa zamani, nao wachuuzi wanao wao wa kuujibu: fungu lililo juu na fungu liingialo mfukoni aghalabu si fungu lile lile.

Nyuma ya mstari wa mboga kuna mstari wa pili, na huu ndio moyo wa soko usiku. Kuna majiko ya makaa, chai ya maziwa katika birika nyeusi, chapati, maharagwe, supu ya kichwa, na mutura unaogeuzwa polepole juu ya moto hata unapasuka na kutoa mvuke. Madereva wa malori hushuka hapa, hutazama magurudumu yao, hujinyosha, hula wakiwa wamesimama. Wengine wametoka Mombasa na wanakwenda Kampala au Kigali, na katika mduara mmoja wa jiko huweza kusikiwa Kikuyu, Kikalenjin, Kikisii, Kiluhya na Kiganda, na Kiswahili cha kuviunganisha vyote. Hili si jambo dogo katika nchi ya Molo, iliyoona fujo za mwaka 1992 na zile za mwanzo wa mwaka 2008. Wakati wa fujo soko ndilo hufa kwanza. Na mtu atakaye kujua kama majirani wamepatana hana haja ya kuuliza mkutano wa hadhara, na atazame ni nani anunuaye viazi kwa nani.

Taa zimebadilika kuliko kitu kingine. Koroboi za mafuta ya taa, zilizotoa moshi mwingi kuliko mwanga, karibu zimetoweka, na mahali pake pana taa ndogo za jua zilizochajiwa mchana kutwa juu ya paa. Fedha nazo zimebadilika. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007 abiria aweza kulipa kwa simu hali basi linaondoka, na mchuuzi hurudi nyumbani gizani akiwa hana fedha mkononi za kunyang’anywa. Kwa mwanamke atembeaye kijia cha maili moja saa tatu za usiku, faida hiyo yapita faida nyingine zote za simu.

Usiku huo huo soko jingine huondoka Molo kwa magurudumu. Ni malori ya viazi yaendayo Nairobi, yanayopakiwa mchana mashambani na kusafiri gizani ili yafike Marikiti kabla ya alfajiri, ambako wachukuzi na madalali hungoja kwa tochi. Huko mkulima hayupo, wala bei haisemi yeye. Kwa miaka mingi alidaiwa gunia la lumbesa, lile lililoshonewa wavu juu kama kilemba, akalipwa bei ya gunia moja. Kanuni za serikali za mwaka 2019 ziliamuru kwamba mfuko wa viazi usizidi kilo 50, na mwenye kuuza apime kwa mizani. Kanuni ni nzuri. Lakini penye lori moja tu na wakulima ishirini ambao viazi vyao vinaanza kuchipua, mizani hunyamaza. Hapa ndipo soko la jioni linapopata maana yake: gorogoro kwa gorogoro, mkulima auza viazi vyake kwa mtu atakayevila, na dalali hayumo katikati.

LONDIANI

Siku ya tarehe 30 Juni 2023, Ijumaa, jioni, lori lililobeba kontena likielekea Kericho liliiacha njia penye makutano ya Londiani, si mbali na Mau Summit. Mahali hapo palikuwa na soko kama hili lililoelezwa: wanawake wa mboga, vijana wa bodaboda, matatu zikipakia watu, abiria wakingoja. Lori lilipita katikati yao. Watu wasiopungua 50 walikufa, na wengine wengi waliumia. Miongoni mwa waliofikwa na ajali hiyo walikuwamo watu ambao kosa lao lilikuwa kuuza au kununua chakula cha jioni.

Barabara hizi zilikuwa zimekwisha jipatia jina baya kabla ya hapo. Huko Sachangwan, tarehe 31 Januari 2009, gari la mafuta lilipinduka, watu wakaja kuchota petroli, moto ukalipuka na kuua watu zaidi ya 100. Huko Migaa, alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana na watu 36 wakafa. Mteremko ni mrefu, malori ni mazito, breki hupata moto, na ukungu wa Mau hushuka bila kupiga hodi.

Baada ya Londiani serikali iliamuru wachuuzi waondolewe kandokando ya barabara kuu. Amri hiyo ilitolewa kwa huzuni ya kweli, na hapana mtu mwenye akili awezaye kusema kwamba ilikosa sababu. Lakini haikuchukua muda mrefu mafungu yakaonekana tena, hapa matatu, pale kumi. Wako wasemao kwamba huo ni ukaidi wa watu wasiosikia. Maneno hayo ni mepesi mno. Mchuuzi aliyemwona jirani yake akifa hahitaji kuambiwa kwamba lori laua. Anarudi kwa kuwa amepiga hesabu: sokoni mwa ndani, futi mia tatu kutoka njiani, hakuna basi lisimamalo, njiani lasimama.

Ilikwisha onekana zamani kidogo jinsi jioni ilivyo na thamani. Mwezi wa Machi 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, serikali iliweka amri ya kutotembea usiku, ambayo haikuondolewa hata tarehe 20 Oktoba 2021. Masoko ya mchana yaliendelea kwa taratibu zake, lakini soko la jioni lilikatwa mguu. Ilikuwa wazi kwamba saa zile tatu baada ya jua kuzama hazikuwa nyongeza ya siku ya mchuuzi. Kwa wengi ndizo zilizokuwa siku yenyewe. Mchana wako shambani.

WALIOPATA NJIA

Nchi nyingine zimekutana na shida hii hii, na si zote zilizoitatua kwa kufukuza watu. Katika mji wa Maeklong, kusini-magharibi ya Bangkok, wachuuzi hupanga samaki na mboga juu ya reli yenyewe. Gari la moshi likikaribia kengele hulia, watu hukunja turubai zao, husogeza sinia zenye magurudumu, gari hupita polepole likikaribia kugusa mapapai, kisha turubai hufunguliwa tena kana kwamba hapakuwa na jambo. Mgeni hustaajabu na kusema ni wazimu. Lakini tofauti yake na Londiani ni kubwa. Gari lile lina saa zake, lina njia yake ya chuma lisiyoweza kuiacha, nalo huja mwendo wa mtu atembeaye. Lori la mizigo halina hata moja katika hayo matatu.

Huko Chiang Mai, mji wa kale wa kaskazini ya Thailand, wamefanya jambo lililo rahisi zaidi. Kila Jumapili jioni barabara ya Ratchadamnoen, iliyo ndani ya mji wa zamani kuanzia Lango la Tha Phae, hufungwa magari yasipite. Kwa saa kadha barabara huwa ya miguu peke yake. Wafumaji, wachongaji, wapishi wa tambi na wauza matunda huketi katikati ya njia, na ifikapo saa kumi na mbili, wimbo wa taifa unapopigwa, umati wote husimama kimya, mwenye kijiko mkononi na mwenye pochi wazi, kisha biashara huendelea. Jumamosi mtaa wa Wua Lai, ambao ni wa wafua fedha, hufanya vivyo hivyo. Usiku ukiisha, magari hurudi.

Karibu zaidi na nyumbani, Forodhani ya Unguja ni shahidi. Baada ya magharibi bustani ile ya ufukweni hujaa meza za pweza na ngisi, mishikaki, urojo, mkate wa kumimina na juisi ya miwa iliyotiwa ndimu na tangawizi. Mwaka 2008 bustani ilifungwa ili itengenezwe, kazi iliyofanywa pamoja na shirika la Aga Khan la utamaduni, na mwaka 2009 ikafunguliwa ikiwa na taa na mifereji, na wachuuzi wa chakula wakarudi. Jambo la kuangaliwa ni hilo la mwisho: walirudi pale pale ambapo wanunuzi walikuwa wamezoea kuja. Singapore nayo, iliyokuwa na wachuuzi tele mabarabarani, iliwaandikisha mwaka 1968 na 1969, kisha kwa miaka mingi hata 1986 ikawajengea masoko ya chakula yenye maji na mifereji, mengi yakiwa chini ya majumba wanamokaa watu. Haikuwapeleka nje ya mji wakauze kwa ndege.

Ni kweli kwamba barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Uganda haiwezi kufungwa Jumapili jioni ili watu wa Molo wauze karoti. Njia ya Chiang Mai haifai pale. Lakini jambo moja laweza kuchukuliwa katika mifano hiyo yote: mwenye amri alitenganisha mtu na gari, ama kwa saa, ama kwa nafasi, lakini hakumtenganisha mchuuzi na mnunuzi wake.

BARABARA MPYA

Shauri hili sasa limekuwa la haraka. Mwishoni mwa mwaka 2025 ilizinduliwa kazi ya kuipanua barabara kutoka Rironi hata Mau Summit, iwe ya njia mbili mbili na ya kulipia. Barabara ya namna hiyo huleta faida kubwa. Mteremko wa Sachangwan umeua watu wa kutosha. Lakini penye njia za kwenda na kurudi zilizotengwa, basi la Kisumu haliwezi kusimama po pote lipendapo, na mwanamke wa upande huu hawezi kuvuka kumfikia abiria wa upande ule. Matuta yatakuwa machache au hayatakuwapo. Nafasi zile zilizorithiwa kutoka kwa mama kwenda kwa binti zitafutika pamoja na kingo za lami ya zamani.

Wakulima wa upande wa Molo, wakiulizwa, hawana haja ya kuomba jambo la ajabu. Viko vituo ambavyo mabasi na malori hayana budi kusimama, kwa mafuta, kwa chakula na kwa haja. Kituo cha namna hiyo, kilichotengwa na njia kuu kwa ukuta imara wa saruji, chenye maegesho mapana ya malori, choo, bomba la maji, taa na jukwaa la saruji la mboga lililo karibu na mlango wa basi, chaweza kuchukua soko zima la jioni bila kulivunja. Kikijengwa pasipo maegesho, au maegesho yakawa upande mmoja na vibanda nyuma ya jengo la ofisi, kitabaki kitupu kama masoko mengine kadha yaliyojengwa na kuachwa kwa popo. Urefu wa hatua kutoka mlango wa basi hata kwenye fungu la viazi ndio utakaoamua, na hatua hizo zapaswa kupimwa sasa, kabla saruji haijamwagwa, na wapimaji wakiandamana na wanawake wenye nafasi za matuta, ambao wajua kwa miaka mingi ni abiria wangapi hushuka, na ni wangapi hununua wakiwa wameketi.

Msimu wa kuchimba ukifika, shangi haitangoja ramani.